Punje Kumi na Moja za Tasbihi ya Bibi

Juzi nilipeleka simu kwa fundi pale stendi ya Korogwe, nikasimama mbele ya kimeza chake nimemkazia macho, maana mimi huwa simwachii mtu simu yangu nikaondoka. Akagusisha chuma chake cha moto kwenye waya wa risasi, ile ya kulehemu. Moshi mwembamba ukapanda, ule wenye harufu tamu inayokwaruza koo, na kabla sijajua nafanya nini mkono wangu ulikuwa umeshakwenda tumboni, unapapasa kuona kama limevimba. "Dada, unaumwa?" fundi akaniuliza. Nikamwambia hapana, endelea na kazi. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba kwangu mimi moshi wa risasi ni harufu ya wizi wa nyumbani, na kwamba kuna siku chache za utoto wangu nilizoziishi nikichungulia matumbo ya watu?

Tulikuwa tunakaa hapa hapa Korogwe, mimi, Baba na Mama, kwenye nyumba yenye ua wa mabati chakavu. Baba alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha mkonge upande wa Mombo. Babu yake alikuja kutoka bara kukata mkonge akazikwa kambini, kwa hiyo ukimuuliza Baba kabila lake alikuwa anakohoa kwanza. Mama alikuwa Mzigua wa Kwedizinga huko Handeni, wa kwao kabisa, na mwaka ninaousimulia mama yake alikuja kwetu baada ya mavuno na gunia la mahindi, akasema amekuja kupumzika. Sikuamini hata kidogo. Bibi yangu alikuwa anafagia uwanja wa jirani akimaliza wa kwake, apumzike wapi.

Kwa Bibi, mkwe ni mkwe. Hakulala chini ya paa moja na Baba, hakula naye, na walipokutana uani kila mmoja alitafuta kitu cha kutazama ardhini. Wakitaka kuambiana jambo walinituma mimi, hata wakiwa wamesimama hatua tatu tu mmoja na mwenzake.

"Mwambie baba yako mkaa umekwisha."

"Baba, Bibi anasema mkaa umekwisha."

"Mwambie bibi yako nimesikia."

Wenzangu mliolelewa huku mtasema hiyo ni heshima tu, nani asiyeijua. Mimi sikuwa nimeelezwa. Niliona watu wawili wasiosemezana, nikajua pana ugomvi mkubwa unaofichwa, na kwamba ukifumuka Bibi atamchukua binti yake warudi Handeni na mimi nitabaki na Baba au sitabaki na yeyote. Nikawa nalainisha ujumbe. Bibi akisema mkaa umekwisha, mimi nasema mkaa umekwisha lakini si sana.

Bibi akapewa chumba cha uani, na hapo ndipo mambo ya Baba yalipoanza kunitia shaka. Kile chumba kilikuwa chake. Siku zote akitoka kazini alijifungia humo mpaka Mama amwite kula, na mimi sikuruhusiwa kuingia kwa sababu, alisema, kuna umeme. Bibi alipofika, Baba alihamisha maboksi yake kwenye banda la kuku. Hatukuwa na kuku. Walikufa wote kwa kideri, hakubaki hata jogoo, lakini lile banda likatiwa kufuli, likapitishiwa waya kutoka dirisha la jikoni, na kwenye nyufa zake ukawa unatoka moshi wa risasi. Niambieni, nani anafunga kufuli banda lisilo na kuku?

Halafu kulikuwa na viberiti. Mnavikumbuka vile viberiti vya gesi vyenye kitochi kitakoni? Baba hakuvuta sigara maishani mwake, ila nikipekua mfuko wa suruali yake kabla Mama hajaifua nilikuta vitatu, vinne, vyote vimekufa gesi. Aliviokota Mombo, abiria wa mabasi walipokuwa wakishuka kununua chakula, lakini hilo nililijua baadaye. Na vitu vya ndani vikawa vinapotea. Lilianza chujio la chai. Kikafuata kile kipira kinachozunguka kwenye chupa ya manukato ya kwapa ya Mama, halafu kioo chake cha mkononi. Mama alinung'unika, akalitupia banda jicho, akasonya, akachuja chai kwa kitambaa. Mimi niliweka kila kitu kichwani. Nilikuwa darasa la tatu na tayari nilikuwa mtu wa kushuku.

Siku moja wakati wa Magharibi uzi wa tasbihi ya Bibi ulikatika uani. Ile haikuwa tasbihi ya hivi hivi. Jirani yake aliyekwenda kuhiji alimletea kutoka Makka, na mchana punje zake zilikuwa nyeupe zilizofifia, hazina maajabu, lakini kukiingia giza ziliwaka kijani. Zilitawanyika mchangani kote. Mimi na Bibi tukaziokota upesi upesi tukazitia kwenye kopo, akaenda kuswali. Kesho yake alizitunga kwenye uzi mpya akahesabu, akakunja uso, akahesabu tena. Punje tisini na tisa zilikuwa zimebaki themanini na nane. Tulichekecha mchanga wa uani kwa chekecheke la unga mpaka adhuhuri, hatukupata hata moja.

"Nani aliokota na mimi?" Bibi akauliza.

"Ni mimi, Bibi. Lakini zote nilitia kwenye kopo."

"Na sukari ya juzi nayo ulitia kwenye kopo?"

Sukari nililamba kweli, sikatai. Lakini kulamba sukari na kuchukua tasbihi ni vitu viwili tofauti, na iliniuma kwamba Bibi hakuona tofauti. Wakati wa chakula cha jioni akatangaza, kwa sauti ya kumfikia hata Baba aliyekuwa anakula peke yake barazani: "Ijumaa nasoma albadiri. Mwenye punje zangu azirudishe kabla. Asiporudisha tumbo litamvimba, na nisije nikalaumiwa."

"Mama, jamani, kwa punje kumi na moja?" Mama akasema.

"Mwee! Za tasbihi hizo, si za bao."

Barazani kijiko kilinyamaza. Nililisikia lile, nikaliweka kichwani pia.

Shuleni wenzangu walinipa maelezo yote ya albadiri, kila mmoja akiwa na shangazi aliyeshuhudia. Kisomo kikisomwa mwizi hana pa kukimbilia. Kwanza anatapika asubuhi, halafu tumbo linajaa taratibu, halafu linapasuka. Ijumaa ilipofika Bibi alijifungia chumbani na ubani, tukamsikia anasoma kwa muda mrefu, na tangu saa ile mimi nikawa daktari wa matumbo. La kwangu nililipima kila asubuhi kwa uzi wa katani niliokuwa nimeufunga fundo. La Bibi lilikuwa limeingia ndani kama kawaida. La Baba lilikuwa kubwa, ila lilikuwa kubwa tangu zamani, sikuweza kulitumia kama ushahidi.

Jumamosi asubuhi nilimsikia Mama anatapika nyuma ya jiko.

Nilijiambia ni chakula. Jumapili akatapika tena, akasukutua, akaniambia nisimwambie mtu. Nikaanza kumtazama vizuri, nikaona khanga anaifunga juu kuliko alivyozoea, na akiinama kufua anashika kiuno. Nikamwendea kwa nyuma nikamkumbatia, kama nilivyozoea kufanya kabla Bibi hajaja, na mikono yangu, ambayo ilikuwa ikikutana mbele kwenye kitovu chake, safari hii haikukutana. Sijawahi kuogopa namna ile mpaka leo. Nilimwachia nikakimbilia chooni nikakaa humo mpaka nikaitwa.

Na wakubwa nao wakanizidishia. Bibi akawa anampikia Mama uji wa peke yake, anamzuia kubeba ndoo. Nikiingia wananyamaza. Mara mbili nilimkuta Bibi anatazama tumbo la Mama kwa jicho la chini chini, halafu anatazama pembeni. Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa: Bibi ameshajua kwamba mwizi ni binti yake mwenyewe, anaona aibu kusema, na atamwacha afe kuliko kumtangaza.

"Bibi," nikamuuliza, "aliyevimba tumbo anaponaje?"

Aliacha kuchambua mchele akanitazama sana. "Arudishe alichochukua, aseme ni yeye, aombe radhi."

"Basi?"

"Basi. Una la kuniambia?"

"Hapana, Bibi."

Jumatatu niliporudi shule Mama alikuwa amelala, Bibi yuko kwa jirani, Baba kazini. Nilikuwa nimeshazitafuta punje sandukuni kwa Mama, chini ya godoro, ndani ya cherehani. Pakabaki banda la kuku. Ufunguo nilijua Baba anakouficha, chini ya tofali la tatu, kwa kuwa nilikuwa nimemvizia tangu wiki ya kwanza. Nikafungua, nikaingia, nikavuta mlango. Ndani kulikuwa na giza, harufu ya risasi na harufu ya kuku waliokwisha kufa. Nikapapasa waya mpaka kwenye swichi, nikabonyeza.

Mbele yangu likawaka kabati. Lilikuwa la plaiwudi, kimo changu, lina kioo mbele, na ndani limepakwa rangi nyeusi na kutobolewa vitundu vidogo vingi vinavyopitisha mwanga, kwa hiyo ulikuwa ni usiku wa nyota humo ndani saa tisa mchana. Katikati kilining'inia chombo kirefu cha kijivu kilichotengenezwa kwa mabomba na chupa za maji, chombo cha kwenda angani, cha aina ile waliyokuwa wanaonyesha kwenye banda la video pale stendi. Juu yake limesimama chujio letu la chai, limegeuka kuwa dishi la kunasia mawimbi. Kipira cha manukato kilikuwa sayari ndogo, kimepakwa wekundu. Kioo cha Mama kilikuwa ziwa la barafu. Nyuma ya chombo vitochi vya viberiti viliwaka bluu, na pembeni palikuwa na kofia ya mwanaanga na bunduki ambayo mdomo wake ulikuwa unawaka na kuzimika polepole. Na ubavuni mwa chombo, upande wa kushoto, kulikuwa na madirisha ya kijani yamepangwa mstari, yanamulikwa na vitaa kwa nyuma. Niliyahesabu kabla sijashangaa. Yalikuwa kumi na moja.

Nitasema ukweli, lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyokuwa nimeyaona, na ndilo lililonikasirisha. Baba alikuwa mwizi, na mwizi mwenye ufundi. Nikapiga hesabu zangu: albadiri imemkosa Baba ikampata Mama, kwa kuwa wanalala kitanda kimoja. Hakukuwa na muda wa kungoja. Nikaleta kisu cha mboga nikaanza kubandua. Gundi ilikuwa ngumu. Punje ya tano ilitoka na kipande cha ubavu, ya nane ikakata waya, madirisha yakazimika, na mpaka namaliza upande ule wote wa chombo ulikuwa umechanika. Nilikuwa nalia huku nabandua, sijui kwa ajili ya Mama au kwa ajili ya chombo.

Nikaziosha, nikampelekea Bibi mkono umekunjwa. Akazitazama kwenye kiganja changu.

"Umezitoa wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Lakini nikaona ule ugomvi wao ukifumuka, Bibi akifunga mizigo, Mama akiondoka na tumbo lake. "Ni mimi, Bibi," nikasema. "Nilizichukua mimi. Naomba radhi."

Bibi alizikunja ngumini. Hakunipiga. Alisema kwa upole, na ule upole ulinitisha zaidi, kwamba nimekosa mtu wa kuniangalia kwa karibu, mama yangu hana nguvu siku hizi, kwa hiyo Jumatano narudi naye Kwedizinga, nitasoma shule ya huko na chuo cha Kurani, nitakaa naye mpaka nitakapopata akili. Mama alilia, lakini hakupinga.

Jioni Baba alirudi, akaenda bandani. Alikaa humo sana. Alipotoka alikuja mpaka mlango wa jikoni akanitazama, na mimi nikamtazama, na sote wawili tukajua. Mama akamweleza niliyoyakiri na nitakakopelekwa. Nikangoja. Baba akanawa mikono, akala, akasema, "Mwambie bibi yako chakula kizuri." Kesho yake akaenda kazini, akarudi, akala, akanyamaza. Nilimchukia. Sitafuti neno jingine, nilimchukia baba yangu kwa siku mbili, na kila alipokohoa niligeuka nikidhani sasa anasema.

Jumatano asubuhi akaja kijana wa bodaboda kutupeleka stendi kwenye basi la Handeni. Begi langu likafungwa nyuma kwa mpira. Baba mwenyewe ndiye aliyelifunga, akakaza, akalegeza, akakaza tena. Mama alikuja kuniaga, nikaliona tumbo, liko pale pale. Nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, mimi nimeshakiri. Mbona la Mama halishuki?"

"Halishuki nini?"

"Tumbo. Limevimba tangu uliposoma. Ulisema mtu akikiri linapona."

Kijana wa bodaboda akageuza uso kutazama barabara, mabega yakimtikisika. Mama alishika tumbo kwa mikono miwili, akakaa kwenye ngazi, akaanza kucheka, na katikati ya kucheka kikawa ni kilio. "Mwanangu," akasema, "mwanangu mie, humu kuna mtoto." Bibi alinishika kidevu akaninyanyua uso, akawa anaangalia macho yangu kana kwamba ndio kwanza tunakutana. Nikasikia ule mpira wa begi unafyatuka. Baba alikuwa amelifungua.

"Mwambie bibi yako," akaanza, akauzungusha ule mpira mkononi. "Mwambie zile punje niliokota mimi. Jioni ile zilipomwagika, mlipokwisha kuingia ndani, nilipita uani nikaziona zinawaka mchangani, nikashindwa kuziacha. Mwambie wewe hukuchukua kitu."

Nimebeba ujumbe mwingi maishani, lakini sijapata kubeba mwingine kwa raha kama ule. Nikageuka nikasimama wima mbele ya Bibi, nikasema kwa sauti ya darasani, "Bibi, Baba anasema punje aliokota yeye. Anasema mimi sikuchukua kitu." Safari hii sikulainisha.

Bibi alikuwa anatazama ardhini. "Mwambie nimesikia. Na muulize, siku mbili hizi alikuwa anangoja nini?"

"Baba, ulikuwa unangoja nini?"

"Mwambie niliona haya," Baba akasema. "Mtu mzima mimi, mkwe wa watu, kuokota vitu vya mama mkwe nikafanyie mchezo."

Bibi akajitanda khanga vizuri. "Mwambie aulete huo mchezo niuone."

Baba alilibeba kabati kutoka bandani, akalifunika khanga, akaliweka chumbani kwa Bibi akiwa ametanguliza mgongo, akavuta waya, akakimbilia nyuma ya nyumba. Bibi alinitaka nifunge dirisha. Nikabonyeza swichi. Alikaa kwenye kigoda mikono magotini, akatazama nyota, akatazama ile bunduki inavyowaka na kuzimika, akalitambua chujio, akaguna.

"Hiki ndio nini?"

"Chombo cha kwenda angani, Bibi."

"Na watu wake?"

"Wamo ndani."

"Huko juu wanaelekea wapi wakiswali?"

Bibi akaniambia, macho yake bado yako kwenye kioo, kwamba albadiri yenyewe hata haijui, hajafundishwa, alisema vile kututisha tu. Ijumaa ile alikuwa anamsomea Mama ajifungue salama, maana kabla ya hapo mimba mbili zilikuwa zimetoka, na ndicho kilichomleta Korogwe. Akafungua pindo la khanga, akazitoa zile punje kumi na moja, akazitia mkononi mwangu.

"Mpelekee baba yako," akasema. "Mwambie taa za upande wa kushoto haziwaki."

Nilimkuta Baba amekaa juu ya tofali nyuma ya nyumba. Nilipomfikishia alijifunika uso kwa viganja. Hakuniomba radhi siku ile. Alinivuta akanikalisha kwenye lile tofali, akaniuliza kama naweza kushika waya bila kutikisika, na kuanzia hapo banda la kuku halikufungwa kufuli tena.

Bibi hayupo sasa. Mdogo wangu aliyekuwa tumboni ameshaota ndevu, na lile kabati liko sebuleni kwa Baba, madirisha yake bado yanawaka kijani. Tasbihi imenifikia mimi. Bibi hakuwahi kuiongezea punje nyingine, na mimi sijaiongezea. Nikifika mwisho wa zile themanini na nane namalizia kumi na moja kwa vidole, na katika hizo za vidole huwa namwombea aliyezitoa na aliyezichukua. Yule wa kwanza namwombea kwa moyo wote. Wa pili namwombea pia, lakini kwa shingo upande kidogo, kwa ajili ya zile siku mbili.